Nilivyoitoa Land Rover ya Baba kwenye Breki za Dramu

Mwezi wa Mei, masika yakiwa yamekolea, nilikuwa nikiteremka kutoka Mazeras kuelekea Miritini, Mombasa, na shehena ya nazi niliyoipakia Kaloleni alfajiri. Kabla ya kufika barabara kuu nilikuwa nimevuka dimbwi refu ambalo maji yake yalipita juu ya habu za magurudumu. Kwa kuwa nilitaka kuwahi soko la Kongowea, sikukausha breki kama marehemu baba alivyokuwa akifanya kila baada ya kuvuka maji, yaani kuendesha polepole huku mguu wa kushoto ukiigusa pedali mpaka viatu vya breki, vile vinavyosukumwa kuibana kwa ndani dramu inayozunguka na gurudumu, vikauke. Lori la kontena lililokuwa mbele yangu likapunguza mwendo. Nilikanyaga breki, pedali ikashuka, na gari likaendelea vilevile. Nilikanyaga mara ya pili, likavuta kulia kwa nguvu, kwa sababu dramu moja tu ya mbele ndiyo iliyoshika. Tulinusurika kwa gia ya pili na kwa ukingo wa barabara ambao, kwa bahati, haukuwa na mtu wala pikipiki. Utingo wangu alishuka, akaketi juu ya jiwe, na kwa muda wa robo saa hakutamka neno.

Gari lenyewe ni Land Rover Series III ya inchi 109 kutoka ekseli hadi ekseli, pikapu, ya mwaka 1979, yenye injini ya petroli ya lita mbili na robo. Baba aliitumia kubebea nazi na madafu, nami nikairithi pamoja na kazi hiyo. Sikuwahi kufikiria kuiuza, na baada ya siku ile ya Mazeras sikufikiria pia kuendelea kuiendesha ilivyokuwa. Nililiegesha gereji, Changamwe, nikamwambia fundi aliyelihudumia tangu enzi za baba kwamba halitoki pale mpaka lisimame kama magari mengine yanavyosimama.

Breki za dramu si mbaya kwa asili yake, na za Series ya inchi 109 ni kubwa: dramu yake ina kipenyo cha inchi 11. Tatizo ni namna zinavyofanya kazi zikipata maji na joto. Maji yakiingia ndani ya dramu hayana njia ya haraka ya kutoka, kwa hiyo viatu huteleza juu ya chuma kilicholowa. Joto nalo huipanua dramu, ikawa inavikimbia viatu, na ndiyo maana kwenye mteremko mrefu dereva huona pedali ikizidi kushuka kila anapokanyaga. Breki ya diski, yaani sahani ya chuma inayobanwa na pedi kutoka pande mbili, hufanya kinyume: iko wazi, hurusha maji inapozunguka, pedi huifuta kila zinapoigusa, na ikipata joto hupanuka kuzielekea pedi. Juu ya hayo, dramu za Series hazijirekebishi zenyewe. Kila baada ya wiki mbili nililazimika kulala chini ya gari na spana, nikazungusha virekebishio kimoja kimoja mpaka viatu viguse, kisha nikalegeza kidogo. Wiki nilizosahau, gari lilinikumbusha kwa kuvuta upande mmoja.

Njia ya kwanza ya kuweka diski tuliyoifikiria ilikuwa kuziacha ekseli za zamani na kutengeneza vishikizo vya kufungia kalipa, yaani vibanio vinavyozisukuma pedi kwenye diski, juu yake. Fundi alikataa, nami nashukuru kwamba alikataa. Kishikizo cha kalipa hubeba nguvu yote ya kulisimamisha gari lenye tani moja ya nazi, na kukikata kwa gesi kutoka kwenye pande la chuma lisilojulikana ubora wake ni kuweka rehani roho za watu. Njia ya pili ilikuwa kutafuta ekseli nzima zenye diski kutoka kiwandani. Range Rover ilikuwa na breki za diski kwenye magurudumu yote manne tangu ilipotoka mwaka 1970, na bolti zake za magurudumu, tano kwenye duara la milimita 165.1, ni zilezile za Series. Rimu zangu zingefunga bila kutobolewa upya. Baada ya wiki tatu za kuulizia tuliipata moja kwenye yadi ya vyuma, chasi yake imeliwa na kutu hata unaweza kupitisha kidole, lakini ekseli zake zote mbili zikiwa zimekamilika, pamoja na kalipa, busta inayoongeza nguvu ya mguu, na masta silinda inayosukuma mafuta ya breki. Nilinunua vyote kwa mkupuo, hata vali na mabomba ambayo sikujua kama nitayahitaji. Huo ndio uamuzi mmoja ambao sikuujutia katika kazi hii nzima.

Siku ekseli zilipofika gereji, mzee mmoja, fundi mstaafu wa magari makubwa ambaye huja kupunga upepo pale, aliinamia ekseli yangu ya nyuma ya zamani akaipiga kofi.

"Mwanangu, hii Salisbury unaitupa?"

"Siitupi, ami. Nataka diski nyuma."

"Utazipata diski. Lakini chuma kama hiki hutakipata tena chini ya gari hili."

Alikuwa na haki. Series III ya inchi 109 ilitoka na ekseli ya nyuma aina ya Salisbury, ambayo difu yake, yaani gia za katikati ya ekseli zinazozungusha magurudumu, ni kubwa na nzito kuliko difu ya kawaida ya Rover iliyomo ndani ya ekseli za Range Rover. Anayebeba mzigo mzito kila siku huhisi tofauti hiyo. Zipo Land Rover 110 za baadaye zenye Salisbury na diski kwa pamoja, nami ningeipata ekseli ya namna hiyo ningeichukua bila kusita, lakini haikupatikana. Nilipima mambo mawili: gari lenye difu imara lisilosimama, na gari linalosimama lenye difu inayotaka kuhurumiwa. Nilichagua la pili, na tangu siku hiyo nimepunguza mzigo wangu kwa magunia matatu. Sianzi kupanda mlima kwa kuachia klachi ghafla, na utingo haruhusiwi kabisa kushika usukani gari likiwa limezama kwenye mchanga, kwa sababu huko ndiko hafshafti za meno 10, zile fimbo zinazopeleka nguvu kutoka difu hadi magurudumu, hukatikia.

Kilichonisumbua kuliko yote kilikuwa uwiano wa difu. Giaboksi ya Series imepangwa kufanya kazi na difu za 4.7 kwa 1, maana yake propela, ile fimbo ndefu itokayo giaboksi hadi difu, huzunguka mara 4.7 ili gurudumu lizunguke mara moja. Difu za Range Rover ni za 3.54. Tungezifunga vivyo hivyo, kila gia ingekuwa ndefu kwa karibu theluthi moja, na injini ile ya lita mbili na robo isingeweza kuupanda mlima wa Rabai na mzigo ila kwa gia ya kwanza. Tena difu ya mbele na ya nyuma lazima zilingane kabisa. Kwenye Series, unapotia gia ya magurudumu manne, propela ya mbele na ya nyuma hufungwa pamoja bila difu ya katikati, na zikiwa na uwiano tofauti ekseli moja itataka kuikimbia nyingine mpaka kitu kivunjike.

Kwa ekseli ya mbele jibu lilikuwa jepesi. Difu ya mbele ya gari langu ni ya aina ya Rover, hafshafti zake zina meno 10 kama zile za Range Rover ya zamani, kwa hiyo tuliitoa ilivyo tukaiingiza kwenye ekseli mpya. Ya nyuma haikuwezekana, kwa sababu ya Salisbury ni jamii nyingine kabisa. Ilibidi tutafute difu ya Rover ya 4.7 iliyotoka kwenye Land Rover fupi, ile ya inchi 88.

Muuzaji mmoja wa spea alituhakikishia kwamba anayo. Tuliilipia, tukaileta gereji, tukaiweka juu ya meza, na kwa macho ilifanana na yangu kwa kila kitu. Fundi hakuamini macho. Alimwita utingo wangu, akampa kipande cha chaki, akamwambia atie alama kwenye jino moja la gurudumu kubwa la gia kisha ahesabu. Kijana alihesabu kwa sauti, kidole kimejaa oili nyeusi, na watu wa gereji wakaacha kazi wakamsikiliza. Alipoirudia alama ya chaki alikuwa amefika 46. Kwenye pinioni, ile gia ndogo inayolizungusha, akahesabu 13. Fundi aliandika hesabu sakafuni kwa chaki ileile: 46 gawanya kwa 13 ni 3.54. Difu ya 4.7 ina meno 47 na pinioni yake ina 10. Tofauti ya jino moja kwenye gurudumu kubwa haionekani kwa macho hata ukodoe vipi, ila pinioni ndiyo inayosema ukweli. Tuliirudisha siku ileile, na baada ya majadiliano marefu ambayo sitayaeleza hapa tulipewa nyingine kwa kuongeza pesa. Hiyo nayo ilihesabiwa palepale dukani, kabla ya pesa kutoka mfukoni.

Anayetaka kujua uwiano wa difu iliyo tayari ndani ya gari anaweza kufanya hivi. Inua magurudumu yote mawili ya ekseli hiyo kwa jeki na uyaegeshe kwenye magogo imara, gia iwe huru na breki ya mkono imeachiliwa, kisha zuia moja lisizunguke. Tia alama ya chaki kwenye propela na kwenye tairi lililo huru, uzungushe tairi hilo mara mbili kamili huku mwenzako akihesabu mizunguko ya propela. Idadi hiyo ndiyo uwiano. Mizunguko mitatu na nusu ni jamii ya 3.54, na mizunguko minne na kitu kama robo tatu pungufu kidogo ni 4.7. Kabla hujafanya hivyo, weka kabari kwenye magurudumu mengine. Breki ya mkono ya Land Rover za namna hii haishiki magurudumu, hushika propela ya nyuma, na ukiisha kuiachilia hakuna kingine kinacholizuia gari.

Ekseli za Range Rover hukaa juu ya springi za mviringo, na za gari langu ni za majani. Vishikizo vyake vya zamani vilikatwa na kusagwa mpaka chuma kikawa laini, kisha vikatengenezwa vikalio vipya vya springi. Hapa fundi alinifundisha subira. Vikalio havikuchomelewa moja kwa moja. Vilibandikwa kwa nukta nne nne tu, ekseli ikafungwa kwa yu-bolti, gari likashushwa likakaa kwa magurudumu yake, tukapakia magunia ya mchanga sawa na nusu ya mzigo wangu wa kawaida, ndipo akapima pembe. Kwa ekseli ya nyuma alitaka uso wa flenji ya difu uwe sambamba na uso wa flenji ya giaboksi, ili jointi mbili za propela zifanye kazi kwa pembe sawa. Kwa ya mbele alitaka pembe ya kasta ya nyuzi 3, kama ilivyo kiwandani, kwa kuwa ndiyo inayoyafanya magurudumu yarudi katikati yenyewe baada ya kona. Kipimo cha kwanza cha mbele kilionyesha nyuzi 1 tu. Nukta zikakatwa, kikalio kikazungushwa, kikapimwa tena. Kazi hiyo ilitumia siku nzima, na kwangu mimi mwenye gari ilikuwa siku ya kuudhi, lakini gari ambalo leo ninaweza kuliachia usukani kwenye barabara iliyonyooka bila kutangatanga lilitokana na siku hiyo.

Uchomeleaji wenyewe ulifanywa baada ya hafshafti na oili sili zote kutolewa. Fundi alichomelea kipande cha urefu wa kidole upande wa kulia, akaenda kushoto, akarudi kulia, akaacha chuma kipoe chenyewe. Mwanafunzi wake alipotaka kumwagia maji ili kazi iende haraka alikemewa, kwa sababu chuma kilichopozwa kwa maji hugumuka na kupasuka baadaye, na mrija wa ekseli uliopata joto upande mmoja hupinda kiasi ambacho jicho halioni ila beringi huona.

Ekseli mpya ni pana zaidi. Umbali kati ya magurudumu ulikuwa milimita 1308, sasa ni 1486, yaani kila tairi limetoka nje kwa milimita 89. Gari limetulia zaidi kwenye kona, lakini matairi yalichungulia nje ya bodi yakawa yanarusha matope mpaka kwenye kioo, na tena tairi lisilofunikwa halikubaliki kwenye ukaguzi wa magari ya biashara. Tulifunga vibawa vya mpira mnene juu ya matao. Propela ya nyuma nayo ilikuwa fupi, kwa kuwa pua ya difu ya Rover haifiki mbali kama ya Salisbury. Niliipeleka kwa wakereza vyuma wa Shimanzi, wakatia mrija mrefu zaidi na kuipima mizani. Usukani ulidai siku nne za peke yake, na kuhusu hilo nitasema neno moja tu: rodi ya usukani haiungwi kwa kuchomelea. Kama ni fupi, hununuliwa ya urefu unaofaa.

Nilidhani tumemaliza. Ekseli zimekaa, gari limesimama kwa magurudumu yake, kilichobaki ni kuunganisha mabomba ya breki. Kumbe sehemu ya hatari ndiyo ilikuwa inaanza.

Gari la baba lilikuwa na masta silinda ya mkondo mmoja, bila busta. Kwa kutaka kuokoa muda niliomba tuijaribu hiyohiyo kwanza. Fundi alinikubalia ndani ya gereji tu, injini imezimwa, ili nione kwa macho yangu. Nilikanyaga, pedali ikagonga sakafu. Nikakanyaga tena, ikagonga. Mara ya tatu ilipanda kidogo. Kalipa za mbele za Range Rover zina pistoni nne kila moja na za nyuma mbili, na pistoni hizo ni pana kuliko silinda ndogo za ndani ya dramu, kwa hiyo zinahitaji mafuta mengi zaidi kwa kila kukanyaga. Masta silinda ya zamani haikuwa na mafuta ya kutosha kuzisukuma. Halafu viatu vya dramu, vile vinavyotangulia kwa mwelekeo wa mzunguko, hujivuta vyenyewe ndani ya dramu na kumsaidia dereva, ilhali pedi za diski hazina msaada huo. Ndiyo maana diski kwenye gari zito huhitaji busta. Ile masta silinda na busta niliyoichukua yadini pamoja na ekseli ndiyo iliyofungwa, na faida yake kubwa machoni pangu ni kwamba ina mikondo miwili. Bomba moja likipasuka leo, breki hazipotei zote.

Mabomba ya chuma ya zamani tuliyatupa. Hapa Mombasa upepo wa bahari huyala kwa nje na mafuta yaliyonyonya unyevu huyala kwa ndani, na lililopasuka hutoa ishara mara moja tu. Tuliweka mabomba ya mchanganyiko wa shaba na nikeli, ambayo hayashiki kutu. Hosi za mpira zilinunuliwa mpya baada ya kuinua gari mpaka magurudumu yakaning'inia na usukani ukakatwa hadi mwisho, kulia na kushoto, ndipo tukapima urefu unaohitajika. Hosi inayotosha gari likiwa limesimama tambarare inaweza kunyofoka siku gurudumu moja litakapoingia shimoni.

Kosa letu kubwa lilikuja wakati wa kutoa hewa kwenye mabomba ya breki. Tulianza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda, kama inavyotakiwa, mimi nikiwa juu nakanyaga, fundi chini akifungua na kufunga nipeli ya kutolea hewa. Nyuma pakawa sawa. Mbele tulikanyaga mpaka chupa ya kwanza ya mafuta ikaisha, tukafungua ya pili, na pedali ikabaki laini kama godoro. Tulishuku masta silinda, tukashuku busta, tukakagua kila kiungo kama kinavuja. Ilikuwa saa kumi na moja jioni nilipoketi chini kando ya gurudumu la kushoto, nimechoka, nikaitazama kalipa kwa mara ya kwanza bila haraka, nikaona nipeli yake imeelekea chini. Kalipa ya kulia ilikuwa imefungwa kushoto, na ya kushoto kulia. Hewa hupanda juu, na juu ya kalipa ile hapakuwa na tundu la kutokea. Tungekanyaga mwaka mzima isingetoka. Tulizibadilisha, na kwa kanyago chache pedali ikawa ngumu, ikapanda mahali pake.

Busta hupimwa kwa njia rahisi ambayo sasa naifanya kila Jumatatu asubuhi. Injini ikiwa imezimwa, kanyaga pedali mara kadhaa mpaka iwe ngumu, uizuie kwa mguu, kisha washa injini. Pedali ikishuka kidogo chini ya mguu wako, busta inafanya kazi. Isiposhuka, angalia kwanza hosi ya kufyonza hewa kutoka kwenye injini na vali yake inayoruhusu upande mmoja tu.

Gari lilipotoka gereji sikulipeleka barabarani. Tulilijaribu kwenye uwanja mtupu wa changarawe, likiwa halina mzigo, kwa mwendo wa kilomita 20 kwa saa, kisha 30, kisha 40. Kwenye 40 magurudumu ya nyuma yalifunga kabla ya yale ya mbele na mkia ukazunguka robo duara. Sikulitarajia hilo, na kama lingetokea kwenye lami iliyolowa pale Kibarani sijui ningeishia wapi. Pikapu tupu haina uzito nyuma, na diski za nyuma za milimita 290 haziko mbali na zile za mbele za milimita 298. Dawa yake ilikuwa miongoni mwa vile vyuma nilivyonunua bila kujua kazi yake: vali ya kupunguza shinikizo la mafuta yanayokwenda nyuma. Ilifungwa, tukarudi uwanjani, mbele pakashika kwanza. Ndipo tukapakia mzigo, robo, nusu, na mwisho mzigo wote, tukijaribu kila hatua. Pedi mpya nilizizoesha kwa kupunguza mwendo kutoka 50 hadi 15, mara 20 na zaidi, bila kusimama kabisa na kwa kuziacha zipoe katikati, ili pedi na diski zikubaliane uso kwa uso.

Mwezi uliofuata mvua ilinyesha tena Kaloleni, na dimbwi lilikuwa palepale. Nilivuka, nikagusa breki mara moja kwa mazoea, gari likainamisha pua. Utingo alinitazama, nikamtazama, tukaendelea na safari. Kwenye mteremko wa Mazeras nilitia gia ya tatu hata hivyo, kwa sababu diski nazo zikichemka mafuta yake huchemka. Mafuta ya breki ya DOT 4 yakiwa mapya huchemka kwenye nyuzi 230, na yakishanyonya unyevu yanaweza kuchemkia kwenye nyuzi 155. Kwa hewa yetu ya pwani mimi huyabadilisha kila mwaka, kabla ya masika, wala sinunui chupa iliyofunguliwa.

Kinachoniudhi sasa ni chumvi. Diski ziko wazi, na ninapovuka Likoni maji yakiwa yamekupwa, ngazi ya feri ikiwa kali na imelowa, magurudumu hukanyaga maji ya bahari kabla ya kupanda. Gari likilala usiku mmoja baada ya hapo, diski huamka na rangi ya machungwa, ambayo si neno, hufutika kwa kanyago la kwanza. Penye neno ni pini na pistoni za kalipa, ambazo zikishika kutu pedi hubaki zimeng'ang'ania na kulika upande mmoja. Mimi huosha kwa maji ya mvua niliyoyakinga au ya mfereji, kamwe si ya kisima cha nyumbani, kwa kuwa visima vya kisiwani ni vya chumvi na ungekuwa unaosha chumvi kwa chumvi. Kila miezi mitatu kalipa hufunguliwa, pini hupakwa grisi inayostahimili joto.

Upande wa kulia mbele, ule mpira wa chuma wenye kromi unaozungukia gurudumu linapokata kona una vishimo vya kutu tangu ulipokuwa yadini. Oili sili mpya ilidumu miezi miwili, sasa imeanza kutoa tone. Nimeagiza mpira mwingine, na fundi amenipa nafasi wiki ijayo siku ya Jumanne. Mpaka siku hiyo kila jioni naweka kipande cha boksi chini ya gurudumu lile, na asubuhi nahesabu matone kabla sijawasha injini.